MWENYE KISIMA PEKEE NA HAKI YA MWENYE KIU

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiweka mizani baina ya waja wake na akawaharimishia dhulma; na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Familia iliyohama kutoka Unguja, Pemba, Mombasa au Maskati ikafika Toronto, hukuta katika nyumba yake mpya mambo ambayo haikuulizwa inayataka kwa nani. Maji ya bomba hutoka kwa Jiji. Umeme hutoka kwa Toronto Hydro, shirika lililo mali ya Jiji. Gesi ya kupashia nyumba moto, ikiwa nyumba yatumia gesi, huletwa na kampuni moja tu, nayo ni Enbridge. Basi, tramu na treni ya chini ya ardhi ni za TTC. Hapana bomba la pili wala waya wa pili. Hati ya malipo hufika mlangoni, na mwenye nyumba hulipa.

Suala linalozuka ni hili: mtu anapomlipa muuzaji asiyekuwa na mwenzake, je, hiyo ni biashara ya ridhaa, au ni kodi aliyotozwa kwa kuwa hana pa kwenda? Na je, muuzaji wa namna hiyo aweza kumtendea mnunuzi uadilifu, au upekee wake wenyewe ni dhulma?

Ridhaa ya asiyekuwa na njia

Asili ya biashara katika sharia ni kuridhiana. Qur'ani imekataza watu kuliana mali kwa batili, ikaihalalisha biashara iliyo kwa ridhaa ya pande mbili. Na ridhaa si neno la mdomoni tu. Mwenye kuridhia ni yule ambaye angaliweza kukataa. Mwenye kiu aliyesimama mbele ya kisima pekee jangwani atasema "nimeridhika" kwa bei yo yote atakayotajiwa, na neno lake hilo halina uzito, kwani kiu ndiyo iliyosema, si yeye. Kwa ajili hiyo wanavyuoni wamezungumza mahsusi juu ya biashara ya mwenye dharura, wakamwonya muuzaji asiifanye dhiki ya mwenzake kuwa mtaji wake.

Sokoni penye wauzaji wengi ridhaa hujilinda yenyewe. Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji akizidisha bei, mnunuzi huvuka njia akaenda kwa jirani, na kule kuvuka njia ndiko kunakomtia muuzaji adabu. Penye muuzaji mmoja hapana njia ya kuvuka. Kibaya nacho hukaa kitako dukani, kikangojea mnunuzi aje mwenyewe.

Hapa ndipo wengi wanapokata hukumu upesi. Wako wasemao kuwa kila ukiritimba ni dhulma, na dawa yake ni kuongeza wauzaji. Na wako wasemao kuwa kila kilicho mikononi mwa serikali ni salama, kwa sababu serikali ni ya watu wote. Kauli zote mbili zimekosa shabaha. Ushindani si uadilifu wenyewe. Ni mlinzi mmoja miongoni mwa walinzi wa uadilifu. Mlinzi akiondoka mlangoni, hailazimu kuwa mwizi ameshaingia. Linalolazimu ni kwamba mlinzi mwengine aketi mahali pake.

Tofauti ya kuhodhi na kuwa pekee

Mtume (S.A.W.) amemhukumu mwenye kufanya ihtikari kuwa ni mkosa mbele ya Mola wake. Ihtikari ni kuzuia kitu wanachokihitaji watu ili bei ipande. Wanavyuoni wamekhitalifiana: wako walioliweka katazo hili kwa chakula peke yake, na wako waliolieneza kwa kila kitu ambacho kuzuiwa kwake huwadhuru watu. Kauli hii ya pili ndiyo iliyo karibu zaidi na hali ya leo, kwani katika mji ambao baridi ya Januari hushuka chini kabisa ya sifuri, moto wa nyumbani hauna cheo kidogo kuliko ngano.

Lakini kosa lililotajwa ni kuzuia na kudhuru, wala si kuwa pekee. Madina palikuwa na kisima cha Ruma, ambacho mwenyewe akiwauzia watu maji yake. Mtume (S.A.W.) akahimiza kinunuliwe, na mmoja katika Masahaba akakinunua kwa mali yake, akakitoa kwa ajili ya Waislamu wote. Na izingatiwe kwamba dhiki ile haikuondolewa kwa kuchimba kisima cha pili kishindane na cha kwanza. Kisima kilibaki kile kile. Kilichobadilika ni mkono ulioshika kamba ya ndoo, na nia ya mkono huo.

Vile vile bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) aziwekee mpaka, naye akajizuia kwa kuchelea asije akamdhulumu mtu katika mali yake. Wanavyuoni wameifahamu hukumu hiyo kuwa ni ya soko lililo huru, ambalo bei yake imepanda kwa uchache wa bidhaa. Ama pale ambapo haki ya kuuza imefungiwa watu makhsusi, walioandika juu ya hisba wamesema kuwa wauzaji hao hulazimishwa bei ya uadilifu, kwani aliyefungiwa soko kwa faida yake hawezi tena kudai uhuru wa soko.

Falaji moja kwa mji mzima

Hapana mfano ulio bora wa jambo hili kuliko falaji za Oman. Falaji ni mfereji unaochukua maji kutoka chini ya mlima au bondeni, ukayapeleka kwa mteremko mpaka kwenye mji na mashamba. Mji mara nyingi hutegemea falaji moja, na ni vigumu kuwa na mbili zenye kushindana ubavu kwa ubavu, kwa sababu maji ya ardhini ni yale yale. Atakayechimba ya pili ubavuni huweza kuikausha ya kwanza. Zaidi ya falaji 3,000 zingali zikitiririka nchini Oman, na mwaka 2006 falaji tano, zikiwemo Daris ya Nizwa na Khatmeen ya Birkat al-Mauz, ziliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia. Ukiritimba huu umedumu kwa karne nyingi, na watu wamekunywa.

Umedumu kwa sababu ya namna ulivyopangwa. Falaji inapoingia mjini, mahali pa kwanza ni pa maji ya kunywa, na hapo kila mtu huchota bila malipo, awe mwenyeji au mpita njia, tajiri au fakiri. Baadaye huja mahali pa kuogea na kufulia, na baada ya hapo ndipo maji huingia mashambani kwa zamu. Zamu huitwa athari, nayo kwa kawaida ni nusu saa; zamani ilipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota. Falaji ina wakili anayeisimamia, ina maarifu wanaogawa maji, na ina mwenye daftari la mapato. Baadhi ya zamu ni za falaji yenyewe: hukodishwa kwa mnada mbele ya watu, na fedha zake hutumika kwa matengenezo. Panapozuka mgogoro hupelekwa kwa sheikh wa mji au kwa kadhi, na vitabu vya fiqhi vya Oman vina milango mirefu juu ya kesi hizi.

Basi mlinzi aliyeketi mahali pa ushindani alikuwa na sura tatu: mwenye kiu ametangulizwa kabla ya mwenye shamba, hesabu zimewekwa wazi, na yuko wa kumshitakia msimamizi, ambaye si msimamizi mwenyewe.

Toronto na reli zake

Toronto nayo imepitia somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1891 Jiji liliipa kampuni ya watu binafsi, Toronto Railway Company, haki ya pekee ya kuendesha tramu kwa miaka 30. Mji ukakua, vitongoji vikaunganishwa na Jiji, watu wakaongezeka. Kampuni ikakataa kupeleka reli nje ya mipaka ya mwaka 1891, na mahakama zikaipa haki, kwa kuwa mkataba ulitaja mipaka ya siku ulipoandikwa. Abiria wakajazana katika gari chache. Jiji likalazimika kujenga reli zake lenyewe katika vitongoji kuanzia mwaka 1912, na mtu aliyetoka reli moja kuingia nyengine akalipa nauli mara mbili.

Katika jambo hilo kampuni haikuvunja mkataba. Ilishika herufi ikaacha maana. Huo ndio ugonjwa wa muuzaji pekee asiyekuwa na msimamizi: hafanyi kosa linaloweza kushitakiwa, bali hupunguza kila siku kidogo katika wema usioandikwa, kwa yakini kwamba mnunuzi atarudi kesho.

Tarehe 1 Septemba 1921 muda wa kampuni ulikwisha, na TTC, tume ya umma, ikachukua reli zote. Ukiritimba haukuondoka, kwa hakika ulizidi kukamilika, kwani sasa reli zote zilikuwa chini ya mkono mmoja. Hata hivyo reli ziliunganishwa, nauli mbili zikawa moja, gari mpya zikanunuliwa, na mwaka 1954 ikafunguliwa reli ya chini ya ardhi ya Yonge, ya kwanza nchini Kanada. Upekee ni ule ule, na matokeo yamekuwa mbali mbali, kama ilivyokuwa kwa kisima cha Ruma.

Wala mtu asidhani kuwa jina la umma ni hirizi. Tarehe 24 Julai 2023 treni ya reli ya Scarborough, iliyofunguliwa mwaka 1985, iliacha njia yake, watu watano wakaumia, na reli ile haikufunguliwa tena. Ilikuwa imeshapangiwa kufungwa mwaka ule ule kwa uchakavu, na reli ya kushika mahali pake ilikuwa haijawa tayari. Watu wa mashariki ya mji, wakiwemo wahamiaji wengi, wakabaki na mabasi. Wasimamizi wa reli ile walikuwa ni watumishi wa umma, lakini maamuzi juu ya badala yake yalikuwa yamegeuzwa mara kwa mara na wanasiasa kwa miaka mingi, na aliyengoja kituoni hakuwa na treni nyengine ya kupanda. Amana ikicheleweshwa huwa imekhiniwa, ijapokuwa hapana aliyetia fedha mfukoni.

Na upande wa pili, mali ya mtu binafsi si lazima iwe na dhulma, ikiwa juu yake yuko muhtasibu. Enbridge ni kampuni ya kutafuta faida, lakini haijipangii bei ya kusambaza gesi ipendavyo. Bei hizo hukatwa na Bodi ya Nishati ya Ontario baada ya kusikiliza hadharani hoja za kampuni na hoja za wanaowasemea walaji. Kuhusu umeme, tokea mwaka 2017 imekatazwa kumkatia mtu umeme wa nyumbani kwa deni tokea tarehe 15 Novemba mpaka tarehe 30 Aprili. Deni halifutiki, bali nafsi hutangulizwa kabla ya deni. Walioitunga kanuni hiyo hawakusoma habari za falaji, lakini wamefika pale pale penye maji ya kunywa yaliyotangulizwa kabla ya shamba.

Wauzaji wengi wenye kauli moja

Mwenye kudai kuwa wingi wa wauzaji peke yake unatosha naatazame mkate wa Kanada. Mkate huuzwa katika maduka mengi yenye majina mengi. Mwezi wa Disemba 2017 kampuni ya Loblaw na ile ya George Weston zilikiri kwamba zilishiriki katika mapatano ya kupandisha bei ya mkate, yaliyoanza mwishoni mwa mwaka 2001 na kuendelea mpaka mwaka 2015. Mwezi wa Juni 2023 kampuni ya Canada Bread nayo ilikiri kosa mahakamani, ikatozwa faini ya dola milioni 50. Kwa miaka hiyo yote mama wa nyumbani alivuka njia kutoka duka hili kwenda lile akidhani kuwa anachagua, na kumbe bei ilikuwa imeshapangwa kabla hajatoka kwake.

Huu ni mbaya kuliko ukiritimba wa dhahiri. Mwenye kisima pekee anajulikana, na watu humtazama. Wenye kupatana kwa siri wamevaa nguo ya ushindani, na macho ya msimamizi yamelala kwa kuiona nguo hiyo. Wanavyuoni wametaja wauzaji wenye kufanya shirika la kupandisha bei, wakasema wazuiwe, kwa kuwa wingi wao umekuwa ni mtu mmoja.

Somo la karafuu

Na wenye asili ya Pemba hawahitaji kwenda mbali kulifahamu jambo hili, kwani wao wameonja upande wake wa pili, nao ni mnunuzi pekee. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 karafuu za Zanzibar zilikuja kununuliwa na shirika moja la serikali, ZSTC, na mkulima hakuruhusiwa kumwuzia mwengine. Kwa miaka mingi mkulima alipata sehemu ndogo ya bei ya dunia. Nini kikatokea? Magunia yakavushwa usiku kwa mashua kwenda Mombasa, ingawa adhabu ilikuwa kali. Mikarafuu ikazeeka bila ya kupandwa mengine, kwa sababu hapana apandaye mti ambao matunda yake yana mwenyewe. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliamua mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Mnunuzi alibaki yule yule mmoja, na magendo yakapungua. Kipimo kilipotangazwa, kila mkulima akawa anaweza kuhesabu haki yake kwa vidole vyake, na ridhaa ikarejea.

Masharti ya muuzaji pekee

Kwa yote yaliyotangulia, jawabu la suala ni hili: muuzaji pekee aweza kumtumikia mnunuzi kwa wema, kwa masharti manne.

La kwanza, upekee wake utokane na tabia ya kitu chenyewe, kama bomba, falaji na reli, ambavyo kuvifanya viwili ni kuharibu mali. Ikiwa amekuwa pekee kwa kuwazuilia wengine njia ambayo ilikuwa wazi, huyo ni mwenye kuhodhi, hata akiuza kwa upole.

La pili, bei yake iwe na kipimo kinachojulikana, chenye kufungamana na gharama yake na faida ya wastani, wala isifungamane na ukubwa wa haja ya mnunuzi.

La tatu, awepo wa juu yake, anayesikiliza mashitaka ya mnyonge na mwenye uwezo wa kumlazimisha. Msimamizi anayemwogopa anayemsimamia si msimamizi.

La nne, haja ya nafsi itangulizwe kabla ya haki ya mali.

Masharti haya yakikosekana, upekee ni dhulma, iwe mwenye nao ni kampuni au serikali. Yakipatikana, anayelipa hati yake ya maji hakudhulumiwa, ijapokuwa hakuwa na bomba la pili la kuchagua.

Mwenye duka pekee mtaani

Linabaki jambo ambalo huenda likawa zito zaidi kwa msomaji kuliko habari za makampuni. Ni wepesi kumhesabia dhulma mwenye bomba, na ni vigumu kujihesabia mwenyewe. Katika mitaa ya ugenini Muislamu mara nyingi huwa ndiye muuzaji pekee kwa nduguze. Huwa ndiye mwenye duka la nyama ya halali ambalo halina la pili kwa mwendo wa basi mbili. Huwa ndiye anayepeleka fedha kwa wazee walioko Wete au Chake Chake, na hapana mwengine anayeaminiwa. Huwa ndiye mwalimu pekee wa watoto. Au huwa ni kijana mmoja katika nyumba anayejua Kiingereza, ambaye mama yake hawezi kumweleza daktari maumivu yake ila kwa ulimi wa kijana huyo.

Kila mmoja katika hawa ana kisima. Mwenye duka hana Bodi ya kumpangia bei, wala mnunuzi wake hana pa kushitaki. Atanung'unika akitoka mlangoni, na Ijumaa ijayo atarudi, kwa sababu dini yake imemzuilia nyama ya duka la pili. Kumwuzia huyu kwa bei isiyo na kipimo, au kumpa kipande cha jana kwa jina la leo, ni kuifanya taqwa yake kuwa mtego wake. Na kijana anayemwambia mama yake "subiri, nina shughuli" amefunga kisima cha mtu ambaye yeye alikunywa kwake alipokuwa hana kisima chengine duniani.

Hapa ndipo hisabu ya Mwenyezi Mungu inapokuwa ndiyo mlinzi wa mwisho, baada ya walinzi wote kuondoka. Mwenye kujua kuwa mteja wake hana pa kwenda, na akampimia kama kwamba mlangoni wamesimama wauzaji kumi wanaomgombania, huyo ndiye muuzaji mwadilifu kwa hakika. Kwani uadilifu wa mwenye washindani huenda ukawa ni khofu ya hasara, na uadilifu wa aliye pekee hauna sababu ila uadilifu wenyewe.

Mwenye kisima naakumbuke basi kwamba naye siku moja atasimama mwenye kiu, mbele ya Mlango ambao hauna wa pili, na atapenda apimiwe kwa ukarimu.

Na kuwafikishwa kunatoka kwa Mwenyezi Mungu, na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.